Nikimpima wa tumboni, nimemkataa kaka yake?

Swali: "Nina miaka 32, naishi Tanga, na mimba yangu ina wiki 11. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 5, na mwaka juzi aligundulika ana usonji. Maneno yake bado ni machache. Wifi yangu aliyeko Muscat ananiambia kipo kipimo cha damu cha kujua usonji mimba ikiwa changa, na kliniki moja binafsi hapa mjini imeniambia hata wao huchukua damu wakaituma nje. Mume wangu anataka nipime. Mimi roho inasita. Je, kipimo hicho kipo kweli? Na nikimpima huyu wa tumboni, si ndiyo nimemkataa kaka yake?"

Jibu:

Dada yangu, kipimo cha kuonyesha usonji mtoto akiwa tumboni hakipo. Hakipo Tanga, hakipo Muscat, hakipo London. Damu ya mama haiuonyeshi, maji ya uzazi hayauonyeshi, wala ultrasaundi. Anayekwambia anacho, ama hakielewi anachokiuza, ama anakielewa vizuri na anakuuzia hofu yako mwenyewe. Nikiishia hapo, kesho wifi atakuletea jina la kipimo kingine na mtarudi palepale, kwa hiyo vumilia maelezo.

Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto: anavyowasiliana, anavyocheza, anavyorudiarudia jambo, anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari aitwaye Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 wa aina hii huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, na mpaka leo daktari hana chupa ya damu inayoweza kumjibia swali hilo. Ni kweli usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya watoto zaidi ya milioni 2 kutoka Denmark, Finland, Sweden, Israel na Australia Magharibi, ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya mwenye usonji na asiye nao hutokana na vinasaba. Watu husikia hivyo wakadhani ipo jeni moja ya usonji, yaani kipande kimoja cha vinasaba, ukiikamata umemaliza. Sivyo. Zimeshatambuliwa jeni zaidi ya 100 ambazo hitilafu yake, kila moja kwa nadra sana, huweza kuleta usonji, na nyuma yake yako maelfu ya tofauti ndogondogo ambazo sote tunazo, kila moja ikiongeza au kupunguza uwezekano kwa kiasi cha punje. Hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, hutokea mmoja akawa na usonji na mwenzake asiwe nao. Kama pacha hawezi kumtabiri pacha mwenzake, karatasi ya maabara itamtabiri vipi?

Sasa hicho ulichoambiwa na kliniki. Kwa kawaida ni kipimo kiitwacho NIPT. Kuanzia wiki ya 10, vipande vidogo vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma huelea ndani ya damu ya mama. Muuguzi huchota takriban mililita 10 mkononi, akaiweka kwenye chupa maalumu yenye dawa ya kuzuia chembe za damu zisipasuke njiani, nayo chupa husafirishwa. Maabara huhesabu vipande hivyo kwa kromosomu, yaani vile vifurushi vya vinasaba ndani ya chembe za mwili: vipande vya kromosomu ya 21 vimezidi? Vya 18 je? Vya 13? Kwa sindromu ya Down, ambayo ni kromosomu ya 21 iliyozidi, kipimo hiki ni kizuri. Lakini usonji si kromosomu iliyozidi. Ukirudishiwa karatasi iliyoandikwa "hatari ndogo", maana yake ni hatari ndogo ya hali hizo tatu tu. Mtoto anaweza kuzaliwa na usonji na karatasi ile ikawa haijakosea hata herufi moja.

Lipo na toleo la bei ya juu, linalodai kutafuta vipande vidogo vya kromosomu vilivyokatika au kujirudia, na hapo ndipo neno usonji huchomekwa kwenye tangazo, kwa sababu baadhi ya wenye vipande hivyo huwa na usonji. Hapo dada yangu unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hali zenyewe ni adimu mno, na jambo likiwa adimu, hata kipimo chenye makosa machache hutoa kengele nyingi za uongo. Mwezi Aprili 2022 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba vipimo hivi ni vya kuchuja tu, havithibitishi ugonjwa, na ikaeleza kuwa ilipokea taarifa za wanawake waliotoa mimba kwa kutegemea majibu ya kuchuja peke yake.

Hesabu ya kengele za uongo ni muhimu kuliko jambo lolote jingine utakaloambiwa na muuzaji, kwa hiyo chukua kalamu. Tuseme siku moja kinatokea kipimo cha usonji ambacho ni kizuri kweli: kati ya watoto 100 wenye usonji kinawakamata 80, na kati ya watoto 100 wasio nao kinawasingizia 10 tu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria usonji kwa takriban mtoto 1 kati ya 100. Basi wapime wajawazito 1,000. Wenye watoto watakaokuwa na usonji ni 10, kipimo kitawakamata 8. Wasio nao ni 990, kipimo kitawasingizia 99. Wanawake 107 wanarudi nyumbani na jibu la "ndiyo", na 99 kati yao wameambiwa uongo. Muuzaji atakwambia kipimo chake "kinakamata asilimia 80", na atakuwa amesema kweli.

Kwako wewe hesabu ni tofauti, kwa sababu tayari una mtoto mwenye usonji. Tafiti zilizowafuatilia wadogo wa watoto wenye usonji tangu uchanga, nyingi zikiwa za Marekani na Kanada, zinaonyesha takriban 20 kati ya 100 nao huwa na usonji. Wa kiume ni kama 25 kati ya 100, wa kike kama 13. Geuza namba hiyo uitazame upande wa pili: 80 kati ya 100 hawana. Na hata kwa mama kama wewe, kipimo changu cha kufikirika kingetoa majibu 240 ya "ndiyo" katika mimba 1,000, na 80 kati ya hayo yangekuwa ya uongo. Theluthi nzima.

Kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika zaidi. Wanasayansi sasa hujumlisha zile tofauti ndogondogo maelfu wakapata alama moja ya uwezekano, na zipo kampuni ng'ambo zinazouza alama za namna hiyo kwa viinitete (mimba za siku chache) vilivyotungwa maabara. Lakini alama hizo zilijifunza kwa watu gani? Mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba asilimia 79 hivi ya washiriki wote wa tafiti kubwa za aina hiyo walikuwa wenye asili ya Ulaya. Alama iliyojengwa hivyo hupoteza nguvu ikipelekwa kwa mtoto wa Kisambaa, Kidigo au Kihaya. Utafiti uitwao NeuroDev, unaofanywa Kilifi na Cape Town, unajaribu kuziba pengo hilo kwa kusoma vinasaba vya watoto wa Kiafrika wenye changamoto za ukuaji wa ubongo. Mpaka pengo lizibwe, sampuli ya mama wa Tanga ikipelekwa nje hurudi mara nyingi zaidi na lile jibu gumu kuliko yote: "badiliko lenye maana isiyojulikana." Jibu la namna hiyo humfanya mama akose usingizi miezi sita bila kumpa hata neno moja la kushika.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lenye manufaa kwako: kama kuna wa kupimwa, aanze aliyezaliwa. Ni kosa la mpangilio kuchoma sindano kwenye mimba kutafuta kitu usichokijua wakati yupo mtoto wa miaka 5 ambaye damu yake inaweza kukuambia utafute nini, au kwamba hakuna cha kutafuta. Wachache kati ya wenye usonji, takriban mmoja kati ya 10 kwa kipimo cha kuchunguza kromosomu kwa undani, hukutwa na chanzo kimoja kinachotajika. Mwanao akiwa mmoja wao, mambo mengi hubadilika.

Mtazame mwenyewe kwanza. Ngozi yake ina mabaka meupe yenye umbo la jani, hasa kiunoni, mgongoni au miguuni? Amewahi kupata degedege bila homa? Hizo zinaweza kuwa dalili za hali iitwayo tuberasi sklerosisi, ambayo karibu nusu ya walio nayo huwa na usonji, na ambayo kwenye mimba huweza kuonekana kwa ultrasaundi kama vivimbe ndani ya moyo wa mtoto. Kisha ulizia ukoo wako wewe, si wa mumeo. Wako wajomba au watoto wa dada zako wa kiume waliokuwa wazito sana kujifunza? Kuna dada au shangazi ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 40? Babu mzaa mama alianza kutetemeka mikono na kupepesuka baada ya miaka 50? Maswali haya yanaonekana hayana uhusiano, lakini yote matatu yanaelekeza kwenye sindromu ya X dhaifu.

Kwenye hali hiyo, herufi tatu za vinasaba ndani ya kromosomu ya X hujirudia kupita kiasi. Mtu wa kawaida huwa na marudio yasiyozidi 44. 45 hadi 54 ni mpakani. 55 hadi 200 ni mbebaji. Yakizidi 200 jeni huzimika, na wavulana wengi waliofikia hapo huwa na ulemavu wa akili, na karibu nusu yao huwa na sifa za usonji. Mama mwenye marudio kati ya 55 na 200 anaweza kuwa mzima kabisa, lakini marudio hayo huweza kurefuka yanaporithishwa kwa mtoto. Kipimo chake ni mililita chache za damu ya mtoto kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Akikutwa nayo, ndipo unapimwa wewe. Omba daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa akuandikie mawili kwa pamoja, hicho na cha kromosomu, na umwambie wazi kuwa una mimba ya wiki 11, kwa sababu majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa na muda haukungoji. Badiliko likipatikana kwa mtoto lakini wewe na baba yake hamnalo, uwezekano wa kujirudia kwa badiliko hilo hushuka sana. Jibu hilo peke yake limewahi kuwapa wanawake wengi usingizi, bila sindano yoyote kugusa mimba.

Na chanzo kikipatikana, na nyinyi mkataka kujua kama wa tumboni analo? Hapo kipo kipimo cha kweli, kwa sababu sasa mnatafuta kitu kimoja kinachojulikana. Kuanzia wiki ya 15, sindano nyembamba hupitishwa tumboni ikiongozwa na ultrasaundi, huvutwa mililita 15 hadi 20 za maji ya uzazi. Mililita moja au mbili za mwanzo hutupwa, maana zinaweza kuwa na damu ya mama zikaharibu jibu. Mimba kuharibika kwa sababu ya sindano hutokea chini ya mara 1 katika 200 kwa mikono yenye uzoefu. Uliza huyo atakayekuchoma amechoma wangapi. Ukiwa na damu ya Rhesus hasi, uchomwe sindano ya anti-D ndani ya saa 72. Ukiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, sindano isubiri mpaka kiwango cha virusi kisionekane, vinginevyo inaweza kuvipitisha kwa mtoto. Na hata hapo, jibu la "ndiyo" litakuambia mtoto ana badiliko fulani. Halitakuambia kama atakuwa na usonji, wala kama atasema au hatasema. Kuna kipande cha kromosomu ya 16 ambacho kikipotea ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana zaidi vya usonji, na bado wengi waliokipoteza hawana usonji.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo nimeliona ndilo la kwanza moyoni mwako.

Vipimo unavyofanyiwa kliniki ya wajawazito, vya kaswende, virusi vya Ukimwi, wingi wa damu, homa ya ini, vina jambo moja linalovifanya viwe halali: kila kimoja kina dawa au hatua nyuma yake inayomsaidia mama au mtoto yuleyule aliyepimwa. Kanuni hiyo iliandikwa na wataalamu wawili, Wilson na Jungner, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na bado ndiyo mizani. Mtoto akionekana kwenye ultrasaundi ana mgongo wazi, anapangiwa kuzaliwa penye daktari wa upasuaji. Kwa usonji, hakuna dawa ya kumpa aliye tumboni, hakuna aina ya kuzalisha inayobadilisha kitu, na msaada unaofaa huanza baada ya kuzaliwa, dalili zinapoonekana. Kwa hiyo kuchuja mimba zote kutafuta usonji, hata kipimo kingekuwepo, kusingempatia msaada mtoto anayepimwa. Kungebaki na kazi moja tu, ya kuamua azaliwe au asizaliwe. Mimi nasema bila kuzungukazunguka kwamba mpango wa namna hiyo kwa umma ungekuwa kosa.

Angalia yaliyotokea kwa sindromu ya Down. Denmark ilianza kuwapa wajawazito wote nafasi ya kuchujwa mwaka 2004, kwa hiari, bila kulazimisha mtu. Zaidi ya 95 kati ya 100 wanaothibitishiwa hutoa mimba. Hakuna waziri aliyeamuru. Kipimo kikiwa cha kawaida, anayekikataa ndiye huanza kuulizwa kwa nini, na akizaa mtoto mwenye hali ile anaangaliwa kama aliyejitakia. Wewe tayari unaijua nusu ya hukumu hiyo: kwetu mama wa mtoto mwenye usonji husingiziwa laana, mashetani, vyakula alivyokula. Ongeza juu yake "na ungeweza kupima".

Watu wenye usonji wenyewe wanaliona hili kuliko sisi, na wana sababu. Huko Vienna enzi za Wanazi, Hans Asperger, ambaye jina lake lilitumika miaka mingi kwa aina mojawapo ya usonji, alipeleka watoto kwenye kituo cha Am Spiegelgrund, mahali walipouawa watoto karibu 800 kwa kuhesabiwa kuwa mzigo. Mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi huo mwaka 2018. Ndiyo maana mradi wa Uingereza uitwao Spectrum 10K, uliozinduliwa Agosti 2021 ukitaka sampuli za vinasaba za watu 10,000 wenye usonji, ulisimamishwa mwezi uliofuata. Wenye usonji waliuliza: vinasaba vyetu vitatumiwa na nani, na je, si kwa kutuondoa? Watafiti walisema hawana nia hiyo. Lakini data haina kumbukumbu ya nia ya aliyeikusanya. Na Australia Magharibi, mwaka 2013, iliripotiwa kuwa familia zenye uwezekano mkubwa wa usonji ziliruhusiwa kuchagua viinitete vya kike peke yake. Rudi kwenye namba zile za 25 na 13: kwa kila viinitete vinne vya kiume vilivyoachwa katika familia kama hizo, vitatu hivi havikuwa na usonji, na wa kike aliyechaguliwa bado angeweza kuwa nao.

Upo upande wa pili na lazima usikike. Mwanafalsafa Julian Savulescu alidai mwaka 2001 kwamba mzazi ana wajibu wa kumchagua, kati ya watoto anaoweza kuwapata, yule atakayetarajiwa kuishi vizuri zaidi. Na wapo wazazi wanaolea mtoto asiyesema hata neno, anayejipiga kichwa ukutani, mwenye kifafa, asiyelala, nao wakisikia mtu akisifia usonji kama "kipaji" wanaumia. Uchungu wao ni wa kweli na sitauita ubaguzi. Lakini kipimo hakiwezi kumtenga mtoto huyo na yule atakayekuwa fundi simu hodari asiyependa kelele. Na mengi katika mateso yale yana njia: kifafa kina dawa, jino bovu ambalo mtoto hawezi kulitaja hung'olewa, tumbo lililofunga hutibiwa, na kwa kubadilishana picha mtoto huweza kusema "naumwa" bila sauti. Wengi hawazipati njia hizo. Hapo ndipo fedha za umma zilipaswa kwenda.

Sasa, umemkataa kaka yake? Adrienne Asch, msomi wa Marekani aliyekuwa kipofu na aliyeliandikia suala hili kwa miaka mingi, alitofautisha mambo mawili: mwanamke asiyetaka mtoto yeyote kwa wakati huo, na yule aliyemtaka mtoto kisha akamkataa huyu kwa sifa moja aliyoambiwa anayo. Hofu yake ilikuwa kwa hilo la pili, kwamba sifa moja hummeza mtoto mzima. Wewe unaogopa uchovu, ada, mikono miwili kulea wawili. Kuogopa hivyo si kumkataa mwanao. Kutaka kujua ili ujipange nako si kumkataa. Lakini mjiulize, wewe na mumeo, kabla ya damu kuchotwa na si baada: jibu likiwa baya tutafanya nini? Kama mmoja anajibu "tutajiandaa" na mwingine kimoyomoyo anajibu "tutaitoa", basi kazi ya kwanza ni mazungumzo, kabla ya maabara.

Mumeo ajue pia sheria inasemaje. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba kwa sababu ya ulemavu wa mtoto. Mlango uliopo ni wa kuokoa uhai wa mama. Kenya nako Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inazungumzia dharura na uhai au afya ya mama. Mkiwa Waislamu mtasikia watu wakitaja siku 120 za mimba: baraza la fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu kuitoa, kabla ya siku hizo, kwa ulemavu mzito usiotibika uliothibitishwa na kamati ya madaktari waaminifu. Usonji hauthibitishiki tumboni, kwa hiyo haufiki hata kwenye mlango huo. Matokeo ya kipimo cha uongo kwenye nchi yenye sheria kama yetu yanaweza kuwa mwanamke kwenye chumba cha nyuma cha mtu asiye na leseni, akivuja damu kwa mtoto ambaye pengine hakuwa na lolote.

Ukienda tena kwenye ile kliniki, waulize haya na uombe majibu kwa maandishi. Kipimo kinatafuta hali zipi, zitaje moja moja. Katika wanawake 100 wanaopewa jibu la "hatari kubwa" kwa kila hali hiyo, wangapi huthibitishwa kweli? Nani atanieleza matokeo, ana mafunzo gani, na nikitaka sindano ya kuthibitisha nitaipata wapi? Damu yangu ikibaki huko nje, itatunzwa na nani na kwa muda gani? Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, kwa hiyo swali hilo la mwisho si la kuomba fadhila. Wakishindwa swali la pili, ondoka na fedha yako.

Fedha hiyo ina kazi. Yapo machache yanayoweza kufanyika kwenye mimba hii. Endelea na vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, vyenye madini ya chuma na folik asidi ya miligramu 0.4. Ukiwa una kifafa na unatumia valproeti, mwone daktari wiki hii hii: dawa hiyo huongeza uwezekano wa usonji na wa maumbile yenye kasoro kwa mtoto, lakini usiiache ghafla, maana degedege ya mfululizo inaweza kuwaua nyote wawili, daktari ndiye wa kukubadilishia. Parasetamo usiiogope ukiwa na homa. Maneno yaliyosambaa Septemba 2025 kutoka serikali ya Marekani, ya kuihusisha dawa hiyo na usonji, yalikwisha kupingwa na utafiti wa Sweden wa 2024, uliowalinganisha ndugu wa tumbo moja kati ya watoto takriban milioni 2.5 bila kuona uhusiano. Homa kali isiyotibiwa ndiyo ya kuogopa. Fanya ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na ujifungulie penye mkunga na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, kwa sababu mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni hatari kwa ubongo, na hilo linazuilika.

Akizaliwa, yeye ni mtoto wa kufuatiliwa kwa karibu. Miezi 12: anageuka akiitwa jina? Anabwabwaja? Miezi 16: ana neno hata moja? Miezi 18: anakuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione, si ili apewe tu? Miaka 2: anaunganisha maneno mawili? Na umri wowote, akipoteza neno alilokuwa nalo, usingoje. Lipo dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni uwezekano mdogo, 3 hadi 7 unahojiwa zaidi, 8 na kuendelea unapelekwa kwa uchunguzi moja kwa moja. Masikio yapimwe kwanza. Na usisubiri cheti cha daktari ndipo uanze: Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayomfundisha mzazi kutumia kuoga, kula na kucheza kumkuza mtoto. Ulizia hospitali ya mkoa au kikundi cha wazazi kilicho karibu. Unayoyajifunza yatamfaa wa miaka 5 kuanzia sasa, iwe mdogo wake ana usonji au hana.

Na huyo wa miaka 5 umwandae. Mtoto mwenye usonji hushtushwa na mabadiliko kuliko na mtu. Mimba ikifika miezi saba, anza kumwonyesha picha za mtoto mchanga, ileile kila siku, saa ileile. Mchezeshee sauti ya kichanga kulia, ndogo sana mwanzoni, uikuze kidogo kila wiki, na umwonyeshe pa kukimbilia ikimzidi: kona yake, mkeka wake, vitu vyake. Kama atahamishwa kitanda au chumba, mhamishe miezi miwili kabla, asije akaona ni mtoto mchanga aliyemfukuza. Siku ya kwenda kujifungua mwachie nguo yako isiyofuliwa na picha yako, na aliyebaki naye awe mtu anayemjua. Ukirudi, ingia kwanza mikono ikiwa mitupu, mtoto akiwa amebebwa na mwingine, umsalimie yeye.